Darubini ya Kutazamia Shabaha ya Mbali



Majuma machache yaliyopita nalipata barua kutoka Mbagala, katika Wilaya ya Temeke. Aliyeiandika ni mtu ambaye kazi yake ni ulinzi wa usiku. Yeye na wenzake sita, wote wakiwa wamepata mafunzo ya mgambo, wamefanya umoja wao wa kulenga shabaha, na mara chache kwa mwaka hupewa ruhusa ya kupiga katika kiwanja cha askari kilichoko nje ya mji, chini ya macho ya wakufunzi. Maneno yake kwa ufupi yalikuwa haya: "Mwalimu, tumechanga fedha mwaka mzima, kila mtu akitoa kidogo kidogo katika mshahara wake, ili tununue darubini ya kutazamia matundu ya risasi. Huko Kariakoo tumeonyeshwa mbili. Moja imeandikwa 20 mpaka 60. Ya pili imeandikwa 100, na bei yake ni nafuu kuliko ile ya kwanza. Je, tusiichukue hiyo ya 100?"

Nalisoma barua ile mara mbili, kwani fedha ya watu saba wenye mshahara mdogo si kitu cha kuchezea. Mimi si askari. Kazi yangu ni kufundisha walimu katika chuo, na katika masomo yote nipendalo zaidi ni lile la nuru na vioo. Basi nalimjibu kwamba wasinunue kitu kwanza, na kwamba nitakuja na darubini ya chuo chetu tuitazame shabaha pamoja. Haya nitakayowaambia leo ni yale tuliyoyaona siku ile, pamoja na mambo machache niliyojifunza zamani kwa hasara.

Pengine msikilizaji wa shamba atauliza, darubini ya nini, na mtu ana miguu? Fikiri mwenyewe. Shabaha i mbali mita 300. Mtu akipiga risasi tano, kisha akataka kujua zimekwenda wapi, yampasa kutembea mita 300 kwenda na mita 300 kurudi, na wakati huo wote hakuna mwingine awezaye kupiga. Asubuhi nzima hupotea katika kutembea. Wako wengine wenye bunduki iliyofungwa darubini ndogo juu yake, nao hudhani hiyo yatosha. Haitoshi, tena ni hatari, kwa sababu huwezi kutazama kitu kwa darubini ya bunduki pasipo kuelekeza mdomo wa bunduki mahali hapo hapo. Mtu akitaka kujua ni nani yule apitaye kule mbali, naye akamtazama kwa njia hiyo, amekwisha kumlenga mwenzake. Darubini ya kutazamia lazima iwe kitu mbali, juu ya miguu yake, na bunduki ilale chini.

Sasa tuje kwenye ile namba 100. Jicho zuri la mtu, pasipo msaada wowote, laweza kutenga vitu viwili vilivyoachana yapata sentimita 3 kwa mwendo wa mita 100. Kwa mita 300 huhitaji vitu hivyo viachane yapata sentimita 9. Risasi ya kawaida ya bunduki ya kijeshi ina unene wa milimita 7.62, yaani haifiki hata sentimita 1. Kwa hiyo ili jicho lilione tundu lile kwa mita 300, darubini lazima ilikuze yapata mara 12. Hapo ndipo jicho laanza tu kuona kwa shida. Hewa haitulii, mkono hautulii, na tundu lililo katika sehemu nyeusi ya shabaha ni gumu kuonekana kuliko lililo katika karatasi nyeupe. Basi zidisha mara mbili au mbili na nusu, utapata 25 mpaka 30. Hicho ndicho kipimo kiwafaacho watu wa Mbagala kwa mita 300. Kwa mita 600 hesabu yenyewe yataka 45 na zaidi, na huko ndiko taabu inakoanza, kama nitakavyoeleza.

Wanafunzi mnaosikiliza mwaweza kufanya jaribio moja dogo. Ishike darubini yoyote mbali na uso wako, mkono ukiwa umenyooka, uielekeze kwenye mbingu nyeupe, lakini kamwe si kwenye jua. Katika kioo cha jicho utaona duara dogo la nuru. Duara lile ndilo nuru yote ikupatayo. Upana wake waweza kuujua kwa hesabu: chukua upana wa kioo cha mbele, ugawe kwa namba ya ukuzaji. Kioo cha milimita 60 kikikuza mara 20, duara ni milimita 3. Kioo kile kile kikikuza mara 60, duara ni milimita 1 tu. Mboni ya jicho katika jua kali la kwetu hufunguka milimita 2 au 3. Basi ukiipa milimita 1 umeinyima, nayo picha itakuwa na giza, hata kama ni saa sita mchana. Sasa ile darubini ya Kariakoo iliyoandikwa 100 ilikuwa na kioo cha mbele cha milimita 50. Gawa mwenyewe. Ni nusu milimita! Aliyeiandika namba ile hakusema uongo, pengine yakuza mara 100 kweli, lakini mtu hununua kuona, hanunui kukuza.

Siku tuliyoagana ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti, wakati kusi bado inavuma. Twalifika kiwanjani saa moja asubuhi. Darubini ya chuo ina kioo cha milimita 60, na ukuzaji wake hubadilika tangu 20 mpaka 60. Umande ulikuwa haujakauka. Naliweka kwenye 30, nikaielekeza shabaha ya mita 300, na kila mmoja akatazama kwa zamu. Walihesabu matundu moja moja, hata lile lililoingia katika ukingo wa nyeusi. Yule aliyeniandikia barua akasema, "Mwalimu, sasa peleka 60." Nikaipeleka. Tundu likawa kubwa, ndiyo, lakini picha ikafifia kidogo, na kila mtu alipogusa kile kioo cha jicho, shabaha nzima ilitetemeka kama jani. Hata hivyo wakaipenda. Mtu hupenda kikubwa.

Ilipofika saa nne na nusu mambo yakageuka. Jua lilikuwa limeipiga ile nchi ya mchanga kati yetu na shabaha. Nanyi mmepata kuona hewa inavyocheza juu ya bati la nyumba wakati wa adhuhuri, au juu ya lami ya barabara ya Kilwa, hata ukadhani kuna maji mbele. Hayo ndiyo mazigazi. Hewa ya moto ni nyepesi, hewa ya baridi ni nzito, na nuru ipitayo kati yake hupindapinda. Darubini hukuza shabaha, na hukuza mazigazi vile vile, bila kubagua. Kwa 60 shabaha ikawa kama kitu kilicho ndani ya sufuria ya maji yachemkayo. Hakuna aliyeona tundu hata moja. Katika wale saba yuko mzee mmoja, mtu wa maneno machache. Alitazama kwa muda, akaushika ule mduara wa kubadili ukuzaji, akaurudisha mwenyewe taratibu mpaka ukafika 25. Akasema, "Hapa." Nasi tukatazama mmoja mmoja, na kweli, matundu yakarudi, si kwa uzuri ule wa asubuhi, lakini yakahesabika.

Basi jambo la kwanza nalikuwa sina haja ya kulieleza tena. Lakini mazigazi yana faida pia, na hapa nitakawia kidogo, maana wengi wanaonunua darubini hawaijui kazi hii, nayo kwa mlenga shabaha wa mbali ni kubwa kuliko kuhesabu matundu.

Upepo huisukuma risasi. Kwa mita 300, upepo wa ubavuni wenye mwendo wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwetu pwani si upepo wa kutisha, waweza kuisukuma risasi ya milimita 7.62 yapata sentimita 20, karibu shubiri nzima. Mtu atalaumu bunduki, atalaumu risasi, atalaumu chakula alichokula jana, na kumbe ni upepo. Sasa upepo hauonekani, lakini mazigazi yanaonekana, nayo huchukuliwa na upepo kama moshi. Fanya hivi: itazame shabaha mpaka ionekane safi, kisha geuza ule mduara wa kusafishia picha kidogo tu, kana kwamba watazama kitu kilicho karibu zaidi. Shabaha itakuwa na ukungu kidogo, na mawimbi ya hewa yaliyo kati ya njia yatatokea wazi. Yakipanda juu moja kwa moja kama maji yachemkayo, hakuna upepo wa ubavuni, au upepo wafuata njia ya risasi. Yakiinama upande mmoja, upepo ni mdogo, na upande yanakokwenda ndiko risasi itakakosukumwa. Yakilala chini kabisa na kukimbia kama mto, upepo ni mkali, na hapo hayakuambii tena ni mkali kiasi gani. Tazama majani na bendera.

Siku ile bendera iliyoko penye shabaha ilining'inia tu, kwa sababu huko nyuma kuna kichaka cha mikoko na minazi kinachoikinga. Mmoja wao, kijana, alikuwa akipiga kwa kuitegemea bendera ile, na risasi zake tano zikaingia zote upande wa kushoto, zikiwa zimekusanyika vizuri. Alikasirika sana. Nikamwita atazame kwenye darubini. Katikati ya njia, mahali palipo wazi, mazigazi yalikuwa yakikimbia kutoka kulia kwenda kushoto, kusi yenyewe, wala bendera haina habari nayo. Akalenga kulia kidogo. Risasi nne kati ya tano zilizofuata zikaingia katika nyeusi. Ya tano sitaisema, maana yeye mwenyewe husikiliza mazungumzo haya.

Huko Uingereza mashindano ya shabaha za mbali yalianza Wimbledon mwaka 1860, yakahamia Bisley mwaka 1890, na walenga shabaha wa Kenya pia wamepata kwenda huko kushindana. Mwaka 1930 mwanamke mmoja, Marjorie Foster, aliwashinda wanaume wote akachukua tuzo ya Mfalme, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Hatua ya mwisho ya tuzo hiyo hupigwa kwa yadi 900 na yadi 1000, yaani zaidi ya mita 900 kwa ile ya mwisho. Kwa mwendo huo hata darubini ya thamani kubwa haitegemewi kuonyesha tundu. Watu waliomo handakini huishusha shabaha baada ya kila risasi, huchomeka kisahani mahali risasi ilipopita, kisha huipandisha tena. Mpigaji hutazama kisahani, na muda uliobaki jicho lake li katika mazigazi. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa darubini yake huonyesha matundu kwa mita 1000 saa saba mchana, msikilize kwa adabu, usinunue.

Haya, sasa kuchagua kwenyewe. Kioo cha mbele cha milimita 60 au 65 chatosha kwa kazi ya mita 100 mpaka 300, na darubini yenyewe huwa na uzito wa yapata kilo moja. Cha milimita 80 huleta nuru zaidi na picha safi zaidi, nacho ndicho kinachofaa kwa mita 600, ila huwa na uzito wa kilo moja na nusu au zaidi, na bei hupanda kuliko uzito. Mtu apandaye daladala mbili kutoka Mbagala aufikirie uzito huo pamoja na miguu yake.

Na miguu hiyo mitatu! Wengi hununua darubini ya fedha nyingi wakaiweka juu ya miguu ya bati ya kupigia picha, ambayo hucheza kwa upepo mdogo. Nawaambia kweli, ukiwa na fedha ya kutosha kitu kizuri kimoja tu, heri darubini ya wastani juu ya miguu mizito kuliko nzuri juu ya miguu dhaifu. Alama ya miguu mizuri ni hii: piga kofi dogo ubavuni mwa darubini, kisha hesabu, picha isipotulia kabla ya kufika tatu, miguu hiyo haifai. Ikikulazimu, ning'iniza chini yake mfuko wa mchanga. Mchanga Temeke hauuzwi kwa bei kubwa.

Ziko darubini zilizonyooka, na ziko zenye shingo iliyopinda. Kwa mtu apigaye akiwa amelala chini, shingo iliyopinda ni bora, maana huiweka karibu na bega lake na kutazama kwa kuinamisha kichwa kidogo, pasipo kuondoka mahali pake. Pia watu wa vimo mbalimbali huweza kuitumia moja kwa zamu pasipo kuipandisha na kuishusha kila mara. Wenye miwani na wajaribu wakiwa na miwani yao machoni. Ziko darubini ambazo jicho lisipogusa kioo huoni ila duara dogo katikati ya giza.

Sasa nifike kwenye ile hasara niliyoitaja. Kabla ya darubini hii, chuo kilikuwa na nyingine iliyo bora kuliko hii ya sasa. Nalikabidhiwa mimi. Kwa kuiheshimu sana naliitia katika mfuko wake wa ngozi, nikaufunga, nikauweka chini kabisa ya kabati, nikafunga kabati kwa ufunguo. Ilikuwa mwezi wa Machi. Masika ikaja, ikapita. Mwezi wa Juni nalipoitoa nionyeshe wanafunzi mwezi wa mbinguni, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zimetandaa kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Hupenda giza, unyevu na hewa isiyotembea, na ngozi huifadhi unyevu huo ikiulisha kuvu. Tena kuvu haikai tu juu ya kioo; hutoa asidi ambayo hula ule mpako wa kioo, na baadaye kioo chenyewe. Fundi aliweza kuifuta, lakini alama zake hakuziweza. Kwa muda mrefu sikumtazama mkuu wa chuo usoni.

Kwa hiyo mtu wa pwani aulize kabla ya yote kama darubini imezibwa. Zilizo nzuri zina pete za mpira katika kila kiungo, na ndani yake hutiwa hewa kavu ya naitrojeni, hata unyevu usipate njia. Nyumbani usiiache katika mfuko wa ngozi. Iweke mahali penye nuru na hewa itembeayo, au katika kasha lililofungwa vizuri lenye vifuko vya punje za kukausha unyevu. Ukirudi kutoka mahali penye upepo wa bahari, chumvi na mchanga vimeshika kioo. Peperusha kwanza kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa safi kilicho laini. Anayefuta mchanga kwa pindo la kanga anakipiga kioo msasa.

Ukiwa dukani usikubali kujaribu ndani. Omba utoke nje, mwenye duka akifuatana nawe kama hakuamini. Kama ni Kariakoo, tafuta bango la mbali kabisa katika mtaa wa Msimbazi, usome maandishi madogo yaliyo chini yake, kwanza kwa ukuzaji mdogo, kisha kwa mkubwa. Tazama ukingo wa bati ulio mbele ya mbingu nyeupe. Ukiona mstari mnene wa zambarau au kijani, kioo ni hafifu. Kisha igeuze, umulike tochi kutoka upande mmoja na kuchungulia kutoka upande wa pili, utafute vumbi na zile nyuzi nyeupe, hasa kama ni ya mtumba. Lakini chagua vema unakoelekeza. Usiielekeze kambi za askari wala bandari, usije ukatumia siku yako kujieleza. Wala jua, nalisema mara moja na sasa narudia kwa ajili ya watoto: jua likitazamwa kwa darubini laweza kulipofua jicho kwa dakika isiyotimia, na jicho halisikii maumivu kwanza.

Na kwa wale watakaotaka kuanza umoja kama huu baada ya kunisikiliza, kumbukeni kuwa darubini hununuliwa kama saa, bali bunduki sivyo. Iko Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nayo yataka kibali. Nendeni polisi mkaulize kwanza.

Wale saba wa Mbagala walikutana Jumapili iliyofuata kwa kura. Wanne walitaka darubini ya milimita 65 yenye shingo iliyopinda, pamoja na miguu mizito, ambayo iliwalazimu kuchanga miezi miwili zaidi. Watatu walishikilia ile ya 100, nao hawakuona haya kusema kwamba Mwalimu amewaharibia furaha yao. Wanne walishinda. Nimeletewa habari kwamba imekwisha kununuliwa, na kwamba yule mzee wa maneno machache ndiye mtunzaji wake, nayo hukaa juu ya meza karibu na dirisha, haina mfuko.

Kwa herini.